Mashine ya darizi ya flopi na kompyuta mpya: uzoefu wangu na Gotek, FlashFloppy na Ink/Stitch

Desemba iliyopita nilikuwa na sweta 180 za shule zimepangwa mezani, nyuzi zimeshatungwa, mashine inawaka taa zote, na sina njia ya kuifikishia nembo. Naandika haya kwa mafundi wenzangu wa darizi wenye mashine za zamani, kwa sababu mwezi ule ningepata mtu wa kunieleza ninayoyaeleza hapa, ningelala usingizi.

Nafanya kazi Ngamiani, Tanga. Nadarizi shingo za kanzu, nembo za sare, majina kwenye taulo za hoteli na za harusi. Mashine yangu ni ya Kijapani, kichwa kimoja, sindano tisa, nilinunua mtumba mwaka 2009 ikiwa tayari mzee. Haijanisumbua. Inataka mafuta, inataka sindano nzuri, basi. Ila inapokea kazi kwa mlango mmoja tu: flopi ya inchi tatu na nusu, tena ile ya kilobaiti 720, siyo ile ya megabaiti 1.44 ambayo wengi tunaikumbuka.

Kompyuta niliyokuwa nachorea ilikuwa na Windows 7 ya biti 32. Msaada wake ulikoma tarehe 14 Januari 2020, nikaendelea nayo tu maana ilikuwa inafanya kazi. Lakini diski yake ilianza kugonga, na shule nazo siku hizi zinatuma nembo kwa barua pepe au WhatsApp. Windows 10 ilipofikia ukomo tarehe 14 Oktoba 2025, mtoto wa dada yangu, ambaye ndiye fundi wangu wa kompyuta, aliniambia: "Mama mdogo, ukinunua sasa chukua yenye Windows 11 moja kwa moja, usinunue kitu ambacho kimeshaachwa." Nikanunua. Kompyuta nzuri, ina kasi, naipenda mpaka leo.

Siku ileile vitu vitatu vilisimama.

Cha kwanza ni programu yenyewe ya kuchorea darizi. Inalindwa na kifunguo cha plastiki, ukubwa wa kiberiti, unachokichomeka kwenye mlango wa printa wa zamani, ule mpana wa matundu 25. Kompyuta mpya haina mlango huo. Nikaagiza waya wa kugeuza kutoka Dar es Salaam, nao haukusaidia, kwa sababu waya zile zinaiambia kompyuta kwamba kuna printa upande wa pili. Kifunguo siyo printa, hakisemi lugha hiyo. Hata kama mlango ungekuwepo, draiva ya kifunguo (kiprogramu kinachoiwezesha kompyuta kukitambua) ni ya biti 32, na Windows 11 ipo ya biti 64 peke yake. Programu ya biti 32 inaweza kufunguka ndani yake, lakini draiva ya biti 32 haiingii kabisa. Hapa ndipo wengi tunapopotea: unaona programu imekubali kujisakinisha, unafurahi, halafu inakwambia haioni kifunguo.

Niliwaandikia walioiuza. Sitawataja. Jibu lilikuwa ninunue toleo jipya, kwa bei inayozidi niliyonunulia mashine yenyewe. Mtu mwingine akanishauri niiuze mashine kwa kilo. Hilo liliniuma, nasema kweli, maana mashine ile imesomesha watoto wangu wawili.

Cha pili, flopi. Kompyuta mpya haina sehemu ya flopi, nikanunua ya nje ya kuchomeka. Ilisoma za megabaiti 1.44 vizuri, ila kuandika 720 ilikuwa bahati nasibu: leo inakubali, kesho mashine inasema diski haisomeki. Na flopi nzuri ziko wapi? Sony waliacha kuziuza Japani mwaka 2011. Tunaishi kwa zilizobaki makabatini.

Cha tatu kilinikuta nilipofungua kopo langu la flopi. Sisi watu wa pwani tunajua unyevu unavyokula vitu. Ukisogeza kile kibati cha flopi kwa kidole na kuizungusha diski taratibu, unauona ukungu: madoa meupe, kama mtu amenyunyiza unga. Tafadhali usiingize flopi ya namna hiyo kwenye mashine. Ukungu unabaki kwenye kichwa cha kusomea, halafu unakwenda kuchafua na flopi nzuri utakazoingiza baada yake. Mimi niliharibu mbili kabla sijaelewa. Kati ya flopi 60 nilizokuwa nazo, 47 ndizo zilizosomeka.

Sasa nifike kwenye suluhisho.

Gotek ni kiboksi chenye umbo na ukubwa uleule wa sehemu ya flopi ya ndani, matundu ya skrubu yako palepale, ila mbele badala ya mdomo wa flopi kuna tundu la flashi, vitufe viwili na kioo kidogo cha namba tatu. Mashine inadhani inaongea na flopi. Yangu ilipitia duka moja la Kariakoo ikaja na basi, na bei yake ni ndogo kuliko katoni moja ya nyuzi ninazonunua.

Modeli niliyopata imetengenezwa kwa flopi za megabaiti 1.44, wakati mashine yangu ni ya 720. Hapo ndipo FlashFloppy inapoingia. Ni programu ya ndani ya kuweka badala ya ile inayokuja na kiboksi, imeandikwa na Keir Fraser, ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Kuiweka mara ya kwanza ndiyo sehemu ngumu: unafungua kiboksi, unaunganisha pini mbili kwenye ubao kwa jampa (kile kikofia kidogo cha kuunganishia pini), unachomeka kwenye kompyuta kwa waya wa USB wenye vichwa vinavyofanana pande zote mbili, kisha unaipakia. Mtoto wa dada alitumia kama saa moja. Angalizo: wakati huo kiboksi kisiwe kimeunganishwa na umeme wa mashine. Ukishaiweka, matoleo yanayofuata ni rahisi. Unaweka faili la toleo jipya kwenye flashi, unashikilia vitufe vyote viwili huku unawasha, imekwisha.

Kufunga ndani ya mashine nilifanya mwenyewe. Kwanza nilizima na kuchomoa waya wa umeme ukutani. Nikapiga picha ya kila waya kabla sijaugusa. Kuna utepe wa nyaya 34 na kichomeko kidogo cha umeme chenye pini nne. Utepe una mstari mwekundu upande mmoja, huo ndio waya namba moja, na lazima uelekee pini namba moja ya Gotek. Mara ya kwanza niliuweka kinyume, mashine ikasema hakuna diski. Nikaugeuza, bado hakuna diski. Jioni mbili zilipita hivyo. Sababu ilikuwa kwenye faili dogo la maandishi linaloitwa FF.CFG, unaloliweka kwenye flashi ili kuiambia FlashFloppy imefungwa kwenye kifaa cha aina gani. Kuna mstari wa "interface". Tulikuwa tumeandika shugart, tukabadilisha ikawa ibmpc, na jampa ya nyuma tukaihamisha kutoka S0 kwenda S1. Yako inaweza kutaka vingine, ila jaribu hivyo viwili kabla hujakata tamaa.

Mashine iliposoma orodha ya kwanza, nilimwita jirani yangu wa cherehani aje aone. Nembo 11 kwenye kile kioo cha kijani cha mashine, bila flopi.

Ndani ya flashi kila "flopi" ni faili moja. La kilobaiti 720 lazima liwe na baiti 737,280 kamili, kwa sababu FlashFloppy hutambua aina ya flopi kwa ukubwa wa faili. Mimi sikuhangaika kutengeneza la kwanza: kwa kompyuta ya zamani nilisoma flopi moja nzuri mwanzo hadi mwisho, nikapata faili, nikalinakili mara 30 na kuipa kila nakala jina lake, DSKA0000, DSKA0001 na kuendelea, na kwenye FF.CFG nikaandika nav-mode = indexed. Namba inayoonekana kwenye kioo ndiyo hiyo. Kuingiza michoro ndani ya mafaili hayo natumia WinImage kwenye Windows 11, inafanya kazi vizuri.

Jambo dogo lililonila asubuhi nzima: majina. Mashine za umri huu zinasoma majina ya herufi nane tu, nukta, kisha herufi tatu. SHULEYAMSINGI.DST haikutokea kwenye orodha. MSINGI01.DST ikatokea.

Kuhusu kuchora, nimehamia Ink/Stitch. Ni nyongeza ya Inkscape, programu ya kuchorea, vyote viwili ni vya bure, na inaandika DST, fomati iliyotoka kwa Tajima wa Japani ambayo mashine nyingi za biashara zinaielewa. Nitakuwa mkweli: ukiipa picha ya nembo na kutegemea ubonyeze kitufe itoke darizi safi, utachukia. Inataka ujue kazi. Kwa satini, yaani mishono mirefu inayolala sambamba, kwa mfano, unachora reli mbili za kingo na vipago vya kuziunganisha, kama ngazi, na vipago ndivyo vinavyoamua sindano itaelekea wapi. Wiki ya kwanza nilikuwa nageuza vipago vibaya na herufi S inatoka imepinda kama imelala. Sasa naipenda kuliko ile ya zamani, kwa sababu ile ilikuwa inaniamulia. Unaweza kuona sindano ikienda pigo kwa pigo kwenye kioo kabla hujaharibu kitambaa, unaweza kuongeza mishono ya chini ya kushikilia, na unaweza kuipanua satini kidogo ili uzi ukivuta sweta pasibaki pengo. Kwa sweta za kufuma hilo la mwisho ni muhimu sana.

DST ina tabia zake ambazo ni lazima uzijue ukihama. Haihifadhi rangi. Mashine inajua "hapa badilisha uzi" tu, siyo uzi gani. Kwa hiyo nina daftari: jina la nembo, namba kwenye kioo cha Gotek, sindano ya 1 bluu, ya 2 nyeupe, ya 3 dhahabu. Ink/Stitch inaweza kukutolea karatasi ya rangi ya kuprinti, nami naibandika ndani ya daftari. Tabia nyingine, DST ni mapigo matupu. Mchoro wa zamani ukiufungua haukupi umbo, unakupa mishono, kwa hiyo ukitaka kuukuza zaidi ya asilimia kumi hivi mishono inaachana na kitambaa kinaonekana. Kwa kanzu ya mtoto na ya baba yake sasa nachora mara mbili.

Upande mzuri wa wepesi huo: kila pigo linachukua baiti tatu tu. Nembo ya mapigo 9,000 ni kama kilobaiti 27, hivyo "flopi" moja ya 720 inabeba nembo kama 25. Flashi ya gigabaiti 2, ambayo hakuna anayeitaka tena, kwangu ni kabati la maisha yote.

Nisiyoyapenda? Kioo cha namba tatu hakikuambii jina, bila daftari umepotea. Kuna kioo kingine kidogo cha kuonyesha majina kinachoweza kuunganishwa, nitakiweka nikipata nafasi. Flashi inachomoza mbele ya mashine na shati la fundi linaikwaruza, nimeiwekea flashi fupi. Na umeme ukikatika wakati unaandika kwenye flashi, faili linaweza kuharibika, kwa hiyo flashi ya pili yenye nakala zilezile iko kwenye droo, ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.

Kama mashine yako ina mlango wa waya wa kompyuta, pengine huhitaji Gotek. Na kama programu yako ya zamani haina kifunguo, ijaribu kwanza kwenye Windows mpya kabla hujaitupa. Nyingi za biti 32 bado zinafunguka. Za biti 16 ndizo hazifunguki kabisa kwenye Windows ya biti 64.

Sweta 180 zilikwisha kabla shule hazijafunguliwa, tulizifanya mimi na binti anayenisaidia, usiku na mchana, mapigo 700 kwa dakika. Kompyuta ya zamani sijaitupa. Iko chini ya meza, nimeifunika kanga, haiunganishwi intaneti, na kifunguo chake kimechomekwa palepale. Kila Jumapili naiwasha, diski inagonga, natoa michoro michache kutoka kwenye faili za programu ile na kuigeuza kuwa DST. Imebaki 14, na kati ya hiyo kuna shingo ya kanzu ambayo marehemu mume wangu aliichora mwenyewe. Hiyo nimeipangia Jumapili hii, iwe ya kwanza.