Darasa la sheria kwa walinzi wa bunduki, Nyakato: nyota 3 kati ya 5

Kampuni moja ya ulinzi hapa Mwanza inauza darasa la siku moja kwa walinzi wanaobeba shotigani kwenye maghala, vituo vya mafuta na viwanda vya samaki. Asubuhi sheria, mchana shabaha. Kipindi cha sheria ndicho cha kulipia, na ndicho chenye kosa la kumpeleka mtu gereza la Butimba.

Mkufunzi anaanza pazuri: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, vifungu vya 18 hadi 18C. Ruksa kujihami, kumhami mwenzako na kulinda mali uliyokabidhiwa, ila kwa nguvu inayohitajika tu. Ukizidisha mtu akafa, ni kuua bila kukusudia, na adhabu yaweza kufika kifungo cha maisha. Anaeleza pia jambo ambalo walinzi wengi hawalijui: mshtakiwa akisema alijihami, kazi ya kuivunja hoja hiyo ni ya upande wa mashtaka.

Mfano wake ni wa mwaloni kabisa, kule mitumbwi ya samaki inakotua. Mwizi wa injini ya mtumbwi anakujia na panga juu, hatua tatu, ukuta mgongoni kwako: hatari ipo. Huyohuyo akitupa panga na kuruka uzio, hatari imekwisha, hata kama injini iko begani kwa mwenzake.

Halafu unafungua kitini: "Akikimbia, mpige miguu." Lo! Anayekimbia hamtishii mtu, kwa hiyo risasi ya mguuni inakosa utetezi sawa na ya kifuani. Paja lina mshipa mkubwa wa damu. Ukikatika, mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache. Na shotigani haichagui mguu: marisau, yaani vile vidonge vya risasi yake, hutawanyika kadiri yanavyokwenda mbali, na nyuma ya mwizi kuna nyumba za watu. Risasi ya hewani nayo inafundishwa kama wajibu, wakati vifungu hivyo haviitaji, na itakaposhuka itatua kwenye bati la jirani. Tochi, filimbi na sauti kubwa ndivyo vitangulie.

Dakika za baada ya mlio zimepewa mstari mmoja: "Toa taarifa polisi." Hapo ndipo kesi nyingi huharibika. Funga usalama wa bunduki, piga 112, kandamiza jeraha la majeruhi kwa kitambaa. Usiokote maganda ya risasi, wala usisogeze panga: mahali lilipoangukia ndipo panapoonyesha alikuwa karibu kiasi gani. Kitabu cha makabidhiano kibaki kama kilivyo, kikiwa na namba ya silaha na idadi ya risasi ulizopokea. Mengine yaandikwe polisi, wakili akiwepo.

Mlo ni mzuri, sato mzima. Mwenye ghala anayetaka kupeleka walinzi wake aombe kwanza ukurasa wa "piga miguu" uchanwe.