Makumbusho ya Samuel Bak, Vilnius: anzia kwenye daftari

Nafundisha watoto kuchora, kwa hiyo nikiingia penye picha, jicho langu hutafuta kwanza karatasi. Katika Makumbusho ya Samuel Bak, mtaa wa Naugarduko, Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, karatasi ndiyo iliyonishika.

Bak, mchoraji wa Kiyahudi, alizaliwa humohumo Vilnius mwaka 1933. Wanazi walipowafungia Wayahudi getoni, mtaa uliozingirwa, karatasi ziliadimika. Washairi wawili, Avrom Sutzkever na Szmerke Kaczerginski, wakamkabidhi mtoto huyu daftari kuukuu la kumbukumbu za jumuiya yao, alitunze na kuchora palipobaki wazi. Alikuwa na miaka tisa tu michoro yake ilipoonyeshwa getoni. Daftari lilinusurika, na makumbusho haya ndiyo yanayolitunza. Nilizisoma kurasa zake kama ninavyosoma kazi za wanafunzi wangu, polepole, nikifuata mkono ulipokaza na ulipolegea. Mkono ule haukusitasita.

Baadaye baba yake alimtorosha kutoka kambi ya kazi za kulazimishwa, ndani ya gunia. Baba mwenyewe akapigwa risasi Ponary, msitu ulio nje ya Vilnius, Julai 1944, siku chache kabla jeshi la Kisovieti kuukomboa mji. Babu na bibi zake, wote wanne, waliuawa hukohuko. Mtoto na mama yake waliokolewa na maficho ya watawa wa Kibenedikto.

Baadaye aliishi Israel, Paris, Rome, New York, Lausanne, na tangu 1993 karibu na Boston. Picha zake kubwa za rangi za mafuta zimejaa vitu vilivyovunjika na kuungwa upya, na ufa unaonekana wazi: vikombe, malaika wenye mabawa ya viraka, matunda ya peasi yaliyogeuka mawe. Zile za sataranji zilinipita, nakiri. Lakini mbele ya yule mvulana wa picha maarufu ya geto la Warsaw, aliyeinua mikono mbele ya askari wa Kinazi, ambaye Bak amemchora tena na tena, niliishiwa nguvu za miguu. Walikuwa rika moja.

Tenga saa mbili, nenda peke yako kama unaweza. Mimi nilirudi kwenye daftari mara mbili.

Bak hakukanyaga tena Vilnius hadi mwaka 2001. Makumbusho yalifunguliwa 2017, naye yu hai, kwa picha alizozitoa mwenyewe kwa mji alimotoroshwa akiwa ndani ya gunia.