Semina ya matroni mstaafu, Soweto, Mbeya: hela yangu imerudi

Mimi ni tabibu, nasimamia zahanati ya watumishi wanne upande wa Rungwe tangu Machi. Chuoni nilifundishwa kutibu. Usimamizi nilikabidhiwa tu, funguo na leja, basi. Niliposikia kuna matroni mstaafu anaendesha semina ya siku moja kule Soweto, nilipanda Coaster alfajiri na baridi lile la Julai. Kiingilio elfu ishirini na tano, chai na ndizi za mchana humo humo.

Kero ninazo. Tuliambiwa saa mbili, tukaanza saa tatu na nusu. Na suala la fedha, hizi zinazoingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, lilipewa nusu saa jioni, watu wameshaanza kuwaza usafiri. Jamani, hilo ndilo linalotunyima usingizi sisi wafawidhi, yaani wasimamizi wa vituo, wapya!

Ila Mama anajua kufundisha. Alitoa kikapuni leja ya zamani, akatugawia nakala ya ukurasa mmoja wa dawa mseto, akasema tafuteni kosa. Tulijumlisha, tukatoa, kila kitu sawa. Kosa lilikuwa mwandiko: kuanzia tarehe 1 mpaka 30 wino ni uleule, mkono uleule, hakuna hata palipokwaruzwa. Mtu alijaza mwezi mzima kwa siku moja, ukaguzi ukiwa mlangoni. "Ukiona hivi usigombe," alituambia, "shuka stoo ukahesabu maboksi."

Halafu akasimulia alivyopewa uongozi akiwa na miaka 29. Vikaoni madaktari walimwita binti (nami naitwa hivyo hadi leo), na zamu yake ya kusema ilifika watu wanakusanya daftari. Aliposhika kiti yeye, akageuza: mhudumu anaanza, mfawidhi anamaliza, maana bosi akishasema hakuna wa kumpinga. Kikao cha kwanza tu mhudumu akasema taa ya njia ya chooni imeungua, ndiyo maana wazazi usiku wanajisaidia kwenye mabeseni. Miezi yote wodi ilikuwa ikiwasema wale akina mama kuwa wachafu. Ilihitajika balbu.

Nampa nyota nne. Wewe uliyekabidhiwa kituo juzi, nenda, na ubebe sweta, ukumbi ule ni wa baridi.

Jumatatu nilijaribu kwangu kikao cha namna hiyo, mhudumu aanze. Mhudumu wetu, mama niliyemkuta pale mimi nikiwa mgeni kabisa, alikaa kimya, akapangusa mikono kwenye kitenge. "Daktari, kile kipimajoto cha jokofu la chanjo kilikufa kabla hujaja."

Nikaenda kwenye chati ukutani. Asubuhi nyuzi 5, jioni nyuzi 5, kila siku, wino mmoja. Chanjo zinataka nyuzi 2 hadi 8, na hakuna aliyejua zilikuwa ngapi. Nikasimamisha chanjo za siku hiyo, nikampigia mratibu wa wilaya.