Usiku wa hadithi za mizuka, Area C, Dodoma

Mbuzi choma wao ni laini na juisi ya zabibu haijajazwa sukari, ila spika zinakoroma. Ukikaa nyuma husikii kitu. Nendeni kwa ajili ya msimulizi, mama wa makamo asiyeshika karatasi. Alianza na pontianak wa Malaysia, mwanamke aliyefariki na mimba, akaja kwa La Llorona wa Mexico, anayelia kando ya mto akitafuta wanawe. Kijana mmoja akauliza, “Mama, mbona wote wanawake?” Akajibu, “Kwani walipokuwa hai nani aliwasikiliza?” Ukumbi kimya. Mimi ni mkunga, zamu za usiku nazijua. Naamini kabisa hofu ya kufa wakati wa kujifungua ndiyo iliyozaa nyingi ya hadithi hizi. Ni Ijumaa, wahini viti vya mbele.