Nimeweka 4G kwa Leaf ya zamani: kama unatafuta spidi, weka pesa mfukoni

Kabla mtu hajauliza tena: hapana, hii kitu haileti YouTube kwa dashibodi. Haifanyi ramani ya gari ijue kuna Expressway. Skrini ya Nissan Leaf yangu ya 2015, gari la umeme, imebaki vile ilivyotoka Uingereza, na maili zake na barabara za Birmingham, upende usipende. Ukitaka intaneti ya kutembea nayo washa hotspot ya simu, umemaliza. Nimeweka kisanduku cha OVMS, kidude cha kuangalia na kuamrisha gari kwa simu, chenye modemu ya 4G, na nakipenda kweli, ila sababu zangu za kukipenda hakuna muuzaji aliyewahi kunitajia hata moja.

Kwanza tuelewane hii shida inatoka wapi. Leaf za kizazi cha kwanza zenye huduma ya mtandao zilitoka kiwandani na kifaa kinaitwa TCU, laini yake imefungiwa humo humo, kazi yake kuongea na seva za Nissan ili mwenye gari aone chaji na awashe AC akiwa ndani ya nyumba. Sasa mitandao ya simu inazeeka haraka kuliko magari. Marekani AT&T walipozima 2G mwanzoni mwa 2017, wenye Leaf za kwanza waliambiwa watoe dola 199 wawekewe kifaa cha 3G, halafu Februari 2022 hiyo 3G nayo ikazimwa, yaani umelipa, umefurahia miaka mitano, kwisha. Uingereza, Aprili 2024, Nissan wakafunga programu ya simu kwa Leaf za zamani, kisa hiyo hiyo 2G. Hata Tesla walipitia haya, Model S za kabla ya katikati ya 2015 zilikuwa za 3G na kuhamia LTE, yaani 4G, kulianza kwa dola 500, baadaye ikashuka mpaka 200. Lakini kwa Tesla unaona unacholipia, maana ramani na muziki zote zinapita kwa hiyo laini.

Gari likishuka bandarini Mombasa, hiyo TCU inakuwa pambo. Yadi niliyonunulia, sitaitaja, jamaa aliniambia kwa uso mkavu, "Madam, hapo unatia tu laini ya huku, inashika." Haishiki! Hakuna hata kitundu cha kutia laini, na hata ukikifungua kifaa kwa bisibisi, kinatafuta seva ambazo hazina habari na wewe.

OVMS ni habari nyingine kabisa. Mradi huu ulianzishwa na wenye Tesla Roadster waliotaka kuona gari yao kwa simu, code ya programu yake iko wazi kwa kila mtu, na siku hizi unaelewana na magari mengi ya umeme, Leaf ikiwemo. Kisanduku kinatoshea kiganjani, kina antena ya simu na ya GPS, na kinachomekwa kwa ile soketi ya OBD chini ya usukani, pale mafundi huchomeka mashine ya kupima gari. Hapa sikiza vizuri ndio usipoteze pesa: Leaf inataka kebo yake yenyewe, kwa sababu habari za betri kubwa zinapita pini ya 12 na 13 na kebo ya kawaida haizigusi, utakaa hapo ukishangaa mbona hakuna kitu. Pia uliza modemu ni ya aina gani kabla hujatuma pesa. Kuna za 3G bado zinazunguka mtandaoni kwa bei tamu, na kwa kweli 3G Nairobi bado ipo, lakini si umeshaona vile mambo yameenda kwa wenzetu.

Fundi wangu ni kijana wa Industrial Area, mpole, haongei sana. Alivua plastiki upande wa kulia pale dereva anapoweka miguu, akachomoa plagi moja kubwa nyeupe nyuma ya TCU, akaisukuma ndani ya sponji isigongegonge. Nikamuuliza na redio je?

"Redio iko sawa madam. Bluetooth iko sawa, GPS iko sawa. Huyu alikuwa anaongea na watu wa ng'ambo peke yake."

Na ni kweli, hakuna kilichokufa. Plagi ikiachwa mahali pake, OVMS haiwezi kuwasha AC ukiwa mbali, kwa hivyo usikubali fundi airuke hiyo hatua ati ni kazi nyingi. Ukitaka kuuza gari baadaye unairudisha tu. Antena tukaificha juu ya dashibodi karibu na kioo, laini ikasajiliwa kwa kitambulisho changu kama laini yoyote, APN, ile mipangilio ya intaneti ya laini, ikaandikwa "safaricom", tukangoja kidogo, gari likatokea kwa ramani. Kazi ya mikono elfu nne. Sikubishana.

Data inayokula ni ya kuchekesha. Kinachotumwa ni namba tu: asilimia ya chaji, joto la betri, afya ya betri, pressure ya tairi, gari liko wapi. Bando ndogo isiyo na mwisho wa muda inakaa mpaka unaisahau. Ndio maana nasema hiyo spidi ya 4G inayopigiwa debe haina kazi hapa, mzigo wote ungepita hata kwa 2G, na ukitoka mjini modemu inajishusha yenyewe mpaka 3G au chini zaidi bila kukuuliza. Unanunua 4G ili usirudi kununua tena, basi.

Sasa utamu uko wapi? Uko kwa stima. Mimi nachajia nyumbani usiku na tuko kwa mita ya tokeni, na kila mtu wa Nairobi anajua hizi hadithi mbili: stima inapotea saa nane ya usiku, au tokeni zinaisha kwa sababu mtu aliwasha hita ya maji akasahau. Zamani ningeingia kwa gari asubuhi nikute asilimia 40 na niko na safari ya Thika. Siku hizi simu inalia, ujumbe unasema chaji imekatika, naangalia dirishani kama majirani wana taa. Wakiwa gizani narudi kulala, stima ikirudi gari linaendelea lenyewe. Wakiwa na taa basi ni sisi, nafungua M-PESA, paybill ya Kenya Power 888880, tokeni zinaingia kwa meseji, halafu inabidi niamke niende nikabonyeze zile namba ishirini kwa mita kwa sababu hiyo OVMS haijafika. Kwa mtu wa Leaf ya 24kWh ambayo haina akiba ya kuchezea, hii peke yake imenilipia kila kitu.

AC nayo ni nzuri. Gari likikaa juani pale uwanjani nikiwa kazini, naiwasha nikiwa bado nashuka ngazi. Lakini usitarajie maajabu kwa parking za chini ya ardhi, ukiegesha basement ya pili ya mall yoyote Westlands hakuna mtandao utakaofika huko, programu itakuonyesha hali ya mwisho iliyoiona na amri yako itaning'inia mpaka uchoke.

Kuna wanaouliza kama si hatari gari kuwa kwa intaneti. Swali zuri, maana Februari 2016 watafiti wa usalama wa mitandao Troy Hunt na Scott Helme walionyesha kwamba programu ya Nissan yenyewe ilihitaji VIN tu, ile namba ya chassis iliyoandikwa pale chini ya kioo cha mbele kila mpita njia anaiona, na mtu angeweza kuchezea AC ya Leaf ya mtu mwingine akiwa nchi nyingine. Nissan wakaizima kwa muda warekebishe. OVMS unaweka nywila zako mwenyewe na unachagua seva, kwa hivyo weka nywila ya maana, usiweke jina la mtoto.

Kitu cha kunikasirisha ni betri ndogo ya 12V. Leaf tayari ina sifa mbaya hapo, na sasa umeongeza kifaa kinachokaa macho mchana na usiku. Yangu ilikuwa imechoka tayari na ilikataa kuwasha gari asubuhi moja, gari zima limejaa umeme kwa betri kubwa na haliwezi hata kufungua mlango kwa rimoti, unalia au unacheka? Nilinunua mpya, halafu nikaingia kwa mipangilio ya OVMS nikaweka modemu ijizime ikiwa gari limekaa muda mrefu bila kuchajiwa. Fanya hivyo siku ile ile ya kuweka. Na ukienda ushago Desemba uache gari Nairobi, chomoa kisanduku kabisa, kinatoka kwa mkono mmoja.