Boksi ya TV: nani bado anaihitaji, na achukue ipi

Runinga janja za siku hizi zinafungua YouTube na Netflix zenyewe, bila kuchomekewa kitu. Ndiyo maana watu wengi wanauliza kama boksi ya pembeni, kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye TV ili kifungue programu hizo, bado ina maana. Jibu langu ni kwamba ina maana kwa TV uliyonayo tayari kuliko kwa ile unayokwenda kununua.

Sababu ni hii. TV ni vitu viwili ndani ya fremu moja: kioo na kompyuta ndogo, na umri wao haulingani. Kioo kizuri hukaa miaka mingi bila kulalamika, lakini ile kompyuta huanza kuchoka mapema. Programu zinazidi kuwa nzito, masasisho yanakoma, ukibonyeza rimoti unasubiri. Desemba 2019 Netflix ilikoma kwenye baadhi ya TV za Samsung za 2010 na 2011. Picha zilikuwa bado safi, kilichokufa ni upande wa programu. Baadhi ya boksi za mwanzo za Roku zilikatwa wakati huohuo, kwa hiyo boksi nayo haiishi milele. Ila boksi unaibadilisha bila kugusa kioo.

Watengenezaji wa TV wamelisikia hilo. LG imeahidi matoleo mapya ya webOS, mfumo unaoendesha TV zake, kwa baadhi ya TV za kuanzia 2022, na Samsung imeahidi miaka saba ya masasisho ya mfumo wake, Tizen, kuanzia TV za 2024. Kwa hiyo ukiwa dukani, lipia kioo. Usiongeze pesa kwa sababu ya menyu nzuri, maana menyu unaweza kuibadilisha baadaye, kioo huwezi.

1. Usinunue kitu

Hili ndilo chaguo langu la kwanza kwa mtu mwenye TV ya miaka mitatu minne iliyopita. Lakini ipime kwanza. Chomoa TV kwenye umeme kwa dakika moja, iwashe, kisha fungua Netflix na ucheze filamu kidogo. Nenda YouTube, cheza video, halafu rudi Netflix. TV yenye nafuu itakurudisha karibu na ulipoishia. TV iliyochoka itaanza upya kabisa, na nembo ya programu itakaa kwenye kioo muda mrefu, kwa sababu RAM, kumbukumbu ya kushikilia programu zilizofunguliwa, haitoshi kushika mbili. Angalia pia nafasi ya hifadhi iliyobaki. TV nyingi zina GB 8 tu, na mfumo wenyewe umeshakula sehemu kubwa. Kufuta programu usizozigusa kunaweza kukuokolea safari ya dukani.

Na kama tatizo ni picha kukwama katikati, pima intaneti kabla ya kulaumu TV. Netflix inashauri kasi ya Mbps 15 (megabiti kwa sekunde) kwa picha ya 4K. Kama waifai yako haifiki hapo sebuleni, boksi mpya nayo itakwama vilevile.

2. Google TV Streamer

TV ikishindwa jaribio hilo, hii ndiyo ningemshauri mtu yeyote asiye na mahitaji maalumu. Ni boksi ya Google, iliyotoka 2024 kuchukua nafasi ya kifaa chake cha awali, Chromecast. Ina RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 32, mara nne ya zile GB 8 za TV nyingi. Ina tundu la waya wa intaneti, na inasoma AV1, mfumo wa kubana video unaoleta picha ileile kwa data pungufu. Kwa anayelipia kila GB, hilo peke yake ni sababu ya kuichagua. Ukurasa wake wa kwanza una matangazo ya filamu, na yanachosha. Jambo moja la kukumbuka: waya wa HDMI wa kuiunganisha na TV haumo kwenye pakiti, kwa hiyo nunua kabisa siku hiyohiyo.

3. Apple TV 4K

Kwa kasi na utulivu hii ingekuwa ya kwanza. Toleo la 2022 lina chipu ya A15, ileile iliyotumika kwenye simu za iPhone 13. Ukurasa wake ni mtulivu kuliko wa wenzake, na Apple ina subira na vifaa vyake vya zamani: Apple TV HD ya 2015 ilipata masasisho kwa zaidi ya miaka tisa. Imeshuka hadi hapa kwa sababu bei yake ni kubwa, haina AV1 kwenye chipu, na utamu wake mwingi unauona ukiwa na iPhone. Ukiinunua, kumbuka kwamba ya GB 64 haina tundu la waya, ya GB 128 inalo.

Kuna mpangilio ndani yake wa kulinganisha kasi ya picha na filamu yenyewe. Uwashe. Filamu nyingi hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, na kioo kikizionyesha kwa 60, kamera inapozunguka taratibu utaona mtikisiko mdogo.

4. Vijiti vya HDMI

Hivi huchomekwa moja kwa moja kwenye tundu la HDMI la TV. Fire TV Stick 4K Max ya Amazon na Roku Streaming Stick 4K ni vya bei nafuu na vinatosha kwa TV ya chumbani. Tatizo linalowasumbua wengi ni umeme. Watu huchomeka kijiti kwenye tundu la USB la TV ili kuepuka waya mrefu, na tundu la kawaida la USB 2.0 limekusudiwa kutoa nusu ampea tu. Picha ya 4K ikianza, kijiti kinajizima na kujiwasha. Tumia chaja iliyokuja nacho.

5. Nvidia Shield TV Pro

Ni boksi ya mwenye filamu zake kwenye diski ngumu na spika kubwa za sinema. Wengine ruka.

Usiguse: boksi za Android zisizo na jina

Zinauzwa kwa ahadi ya chaneli zote bure. Nyingi hazina kibali cha Netflix, hivyo hata ukilipia, picha inakuja hafifu ingawa boksi imeandikwa 4K, au hata 8K. Hilo ni dogo. Juni 2025 FBI ya Marekani ilionya kuhusu BADBOX 2.0, programu hasidi inayokuja imeshapandwa ndani ya vifaa vya aina hii, ikigeuza intaneti ya nyumbani kuwa njia ya wahalifu. Dalili mojawapo waliyoitaja ni kuambiwa uzime Google Play Protect, ulinzi wa Google dhidi ya programu hasidi. Kama unayo tayari, fungua Play Store, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya Kuhusu, utazame kama kifaa kimethibitishwa. Kama hakijathibitishwa, kitoe kwenye waifai leo, na ubadilishe nywila ya kila akaunti uliyoifungua humo.