Mkopo wa MBA nje ya nchi bila mdhamini: uzoefu wangu na hesabu zake

Huduma ninayoipima hapa ni mkopo wa mwanafunzi wa kigeni wa MBA (shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara), usiodai mdhamini wala nyumba ya kuweka rehani. Kampuni iliyonikopesha siitaji, kwa kuwa mengi ninayoyasema yanahusu aina ya mkopo kuliko jina lililo juu ya mkataba. Naipa nyota 3 kati ya 5. Hizo 2 hazikupotea kwa sababu ya riba. Moja imekwenda na ada, nyingine imekwenda na namna pesa zinavyotoka.

Benki za kawaida za nchi unakokwenda kusoma mara nyingi humkopesha mgeni ikiwa tu ana mdhamini ambaye ni raia au mkaazi wa kudumu, mwenye historia ya mikopo hukohuko. Usipokuwa na shangazi wa namna hiyo, mlango umefungwa. Pengo hilo ndilo lililojazwa na kampuni za mkopo bila mdhamini: Prodigy Finance ilianzishwa mwaka 2007 na wahitimu wa INSEAD (shule ya biashara ya Ufaransa), na MPOWER Financing mwaka 2014 kwa wanaosoma Marekani na Kanada. Hazipimi ulichonacho, zinapima utakachokuja kupata: chuo, kozi, kazi ulizofanya kabla ya MBA, na mshahara wa wahitimu waliokutangulia. Kwa hiyo kabla ya riba, fungua kwanza orodha ya vyuo. Chuo kikikosekana, au kikiwemo lakini kozi yako haimo (mara nyingi ile ya jioni au ya masafa), ombi linafia hapohapo hata ukiwa na alama nzuri za GMAT, ule mtihani wa kuingilia shule za biashara.

Ombi lenyewe ni jepesi. Unajaza mtandaoni kwa muda usiozidi nusu saa na unapata makadirio ya awali ya kiasi na riba. Hapo sina lawama. Danadana inaanza kwenye nyaraka, na kinachowakwamisha wengi ni jina. Pasipoti ina majina matatu, barua ya udahili ina mawili, taarifa ya benki ina moja na herufi. Mfumo unaona watu watatu. Usiwaandikie wakopeshaji maelezo marefu. Andikia ofisi ya udahili ya chuo warekebishe jina lifanane na pasipoti, kwa sababu jina hilohilo ndilo litakaloingia kwenye I-20 ya Marekani au CAS ya Uingereza (uthibitisho wa chuo wa kuombea viza), na huko kosa linakuwa la viza. Taarifa ya benki nayo iwe faili la PDF lenye nembo, jina, namba ya akaunti na kurasa zote, pamoja na ule wa mwisho usio na kitu. Picha ya skrini ya simu inarudishwa. Cheti kilicho katika lugha nyingine kinataka tafsiri iliyothibitishwa, na tafsiri hiyo inachukua siku, basi ianze mapema.

Sasa ukomo wa mkopo. Huchukui unachotaka. Chuo kina makadirio yake ya gharama za mwaka mzima (karo, bima ya afya, vitabu, makazi, chakula), na mkopo hauruhusiwi kuvuka makadirio hayo ukishatoa ufadhili mwingine wowote. Ukipewa dola 15,000 za ufadhili baada ya mkopo kuidhinishwa, mkopo unapunguzwa kwa kiasi hichohicho. Hiyo ni habari njema, ila inavuruga mpango wa mtu aliyedhani atabaki na vyote viwili. Anayekwenda na mwenza au watoto aombe mapema chuo kiongeze makadirio, kwa barua yenye bei za nyumba na bima. Bila hivyo makadirio ni ya mtu mmoja katika chumba kimoja.

Kwa mpangilio huo, ufadhili unatafutwa kwanza, mkopo unakuja kuziba kilichobaki. Barua ya kuomba chuo kitazame upya ufadhili wake ni fupi: asante, ofa ya chuo kingine cha hadhi ileile imeambatishwa, pengo langu ni kiasi hiki. Itumwe kabla ya kulipa amana ya kushika nafasi, kwa sababu ukishalipa huna tena cha kujadiliana nacho. Fedha za serikali zina masharti yake pia. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inataka angalau saa 2,800 za uzoefu wa kazi na kurudi nyumbani kwa miaka 2 baada ya masomo. Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, kwa kawaida huja na viza ya J-1 (ya mpango wa kubadilishana) yenye sharti la miaka 2 nyumbani. Anayepanga kulipa deni kwa mshahara wa dola alipime hilo kabla ya kusaini.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo tangazo na mkataba vinapoachana njia. Tuseme unahitaji dola 60,000 mkononi kwa MBA ya miaka 2. Riba ni asilimia 12 isiyobadilika, muda wa kulipa miaka 10, ada ya kushughulikia mkopo asilimia 5 inayoongezwa juu ya deni. Kabla ya riba yoyote, deni lote tayari ni 63,000. Wengine huikata ada kabla ya kukupa. Hapo ili ubaki na 60,000 kamili itabidi ukope kama 63,158. Tofauti ni ndogo, lakini asiyeuliza anajikuta na pengo la dola 3,000 kwenye karo.

Nusu ya deni, yaani 31,500, inatoka mwaka wa kwanza na nusu mwaka wa pili. Riba inahesabiwa tangu siku pesa zinapotoka, hata kama hulipi chochote ukiwa masomoni. Hiki kipindi cha neema cha miezi 6 baada ya masomo kina neema ya kutolipa tu, riba hailali. Nusu ya kwanza inakaa miezi 30 kabla ya rejesho la kwanza na kuzaa dola 9,450. Nusu ya pili inakaa miezi 18 na kuzaa 5,670. Jumla 15,120, na kampuni inaziweka zote juu ya deni siku malipo yanapoanza. Unaanza kulipa ukidaiwa 78,120. Rejesho ni kama dola 1,121 kwa mwezi kwa miezi 120, karibu dola 134,500 zote. Ulipokea 60,000.

Ukilipa riba peke yake ukiwa darasani, picha inabadilika. Ni dola 315 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza, kisha 630 hadi kipindi cha neema kiishe. Deni linabaki 63,000, rejesho linashuka hadi kama 904, na jumla ya yote, pamoja na ile riba ya masomoni, inakuwa karibu 123,600. Umeokoa kama dola 10,900. Najua si kila mwanafunzi ana 630 za kutoa kila mwezi. Hata 100 inasaidia, mradi uulize kama malipo madogo yanaruhusiwa na yanapunguza nini: riba iliyokwisha kulimbikizwa, au rejesho la mbele tu.

Swali hilohilo linarudi ukianza kazi. Mkopo niliochukua hauna faini ya kulipa mapema, na nisingechukua wenye faini. Katika mfano wetu wa 78,120, ukiongeza dola 200 kila mwezi deni linaisha kwa miezi 90 badala ya 120 na unabaki na kama dola 15,700 mfukoni. Lakini ziada hiyo lazima iende kwenye deni la msingi. Mifumo mingi inaichukua kama malipo ya mwezi ujao, inakusogezea tarehe tu na riba inaendelea kula. Kuna kisanduku cha kuchagua kwenye ukurasa wa malipo. Kisipokuwepo, andika ujumbe na utunze jibu lao.

Riba ikiwa inaelea, soma imefungwa kwenye nini. Mikopo ya dola ya zamani ilifuata LIBOR, kipimo cha riba ambacho benki hukopeshana, iliyokoma Juni 2023, na sasa kipimo cha kawaida cha riba ya dola sokoni ni SOFR. Mkataba utasema kitu kama SOFR pamoja na asilimia kadhaa. Hizo asilimia za juu ndizo faida ya mkopeshaji na ndizo za kulinganisha kati ya kampuni na kampuni. Sehemu ya chini itapanda na kushuka na soko. Kwa mtu asiye na akiba naona riba isiyobadilika ni salama zaidi hata ikizidi kidogo.

Lalamiko langu kubwa ni ratiba ya pesa. Mkopo haupiti mkononi mwako. Unakwenda chuoni, chuo kinakata karo na ada zake, kisha kinakurudishia kilichobaki kwa ajili ya kuishi, kwa kawaida muhula ukiwa umeshaanza. Kabla ya hapo chuo lazima kithibitishe kiasi na tarehe, na vyuo havithibitishi mpaka vifungue mwaka mpya wa masomo kwenye mifumo yao. Kwa Marekani kuna na sheria: ukiidhinishiwa mkopo binafsi wa elimu una siku 30 za kukubali bila masharti kubadilishwa, na ukishakubali na kupata hati ya mwisho kuna siku 3 za kazi za kughairi ambazo mkopeshaji haruhusiwi kutoa pesa. Siku hizo ni kinga yako, lakini zihesabu kwenye kalenda. Kuidhinishwa mwezi Machi hakumaanishi pesa mwezi Machi.

Kwa hiyo vitu vyote vinavyotangulia muhula havilipwi na mkopo: amana ya nafasi, ada ya viza, ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) ambayo kwa viza ya mwanafunzi ya F-1 ni dola 350, tiketi, kodi ya mwezi wa kwanza na amana ya nyumba. Weka kando fedha zako za miezi miwili ya maisha pamoja na hizo ada, zisizotegemea mkopo. Asiyekuwa nazo atatafuta mkopo wa haraka wiki ya kusafiri, na huo ndio ghali kuliko yote.

Upande wa viza, barua ya mkopo inafanya kazi nzuri kuliko nilivyotarajia. Marekani, chuo kinaitumia kama ushahidi wa fedha za mwaka wa kwanza ili kutoa I-20. Uingereza, fedha zilizo kwenye akaunti yako zinatakiwa zikae siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango, na siku ya mwisho ya hizo 28 isizidi siku 31 kabla ya ombi. Mkopo wa elimu unaokidhi kanuni hauhitaji kusubiri siku 28. Ila barua iwe kwa jina lako, isizidi miezi 6, na isiwe na masharti ya kutoa pesa zaidi ya kupata viza. Barua ya makadirio ya awali haitoshi, kwa sababu imejaa masharti. Omba ile ya idhini ya mwisho, na usome kila mstari kabla ya kuipakia.

Sarafu ya deni ni hatari ya kimyakimya. Ukidaiwa dola na kulipwa mshahara kwa sarafu nyingine, sarafu yako ikipoteza asilimia 10 ya thamani, rejesho lako linapanda kwa asilimia 11 na ushee, na hakuna kifungu cha kukuonea huruma. Ukibaki unakosomea hili halikuhusu, lakini haki ya kubaki na kufanya kazi ni jambo la viza, halimo kwenye mkataba wa mkopo. Marejesho yanaanza hata usipopata kibali.

Kutuma malipo kwa benki ya nje chagua utaratibu wa mtumaji kubeba ada zote. Ukichagua za kugawana, benki ya katikati inakata chake njiani, rejesho la 1,121 linafika likiwa 1,100, na akaunti inasomeka kuwa imechelewa kwa dola 21. Mwezi wa pili kosa linaonekana kwenye taarifa ya mikopo. Andika namba ya mkopo kwenye maelezo ya malipo, na tuma siku 5 za kazi kabla ya tarehe.

Huduma kwa wateja ilijibu barua pepe ndani ya siku moja au mbili. Kwa simu ni muziki mrefu. Jambo moja wasilolisema mpaka waulizwe: ukisimamisha masomo au ukishuka chini ya nusu ya mzigo wa kawaida wa masomo, saa ya kipindi cha neema inaanza kugonga siku hiyohiyo. Ukirudi darasani baada ya miezi 4, huenda umebakiwa na 2 tu. Anayefikiria likizo ya masomo awaandikie kwanza, apate jibu la maandishi, ndipo ajaze fomu ya chuo.